Januari ya Shule Huanzia Ghalani

Mada iliyoandaliwa kwa kikao cha wazazi na walezi wa Kata ya Zombo cha kufungua mwaka wa masomo



Kila mwaka, sikukuu za Desemba zinapopita, barabara za Wilaya ya Kilosa hupata abiria wa aina moja. Ni mtoto aliyevaa sare mpya inayompwaya kidogo, kwa kuwa imeshonwa ili imfae hata mwakani. Ameshika ndoo yenye sabuni, sahani na kikombe. Nyuma ya pikipiki limefungwa godoro lililokunjwa, na juu yake tranka la bati lenye kufuli jipya. Pembeni amesimama mama, au mjomba, au bibi, akihesabu fedha kwa mara ya pili ili ajue kama nauli ya kurudi itabaki. Anayepita kwa haraka husema watoto wanarudi shule. Anayesimama kidogo huona kwamba mwenye kazi kubwa asubuhi hiyo ni yule anayehesabu.

Mada hii inahusu hesabu hiyo. Mambo ya sare, ya nidhamu na ya masomo yatagusiwa kila inapobidi, lakini jambo lililo zito zaidi kwa familia za Zombo ni kwamba kalenda ya shule na kalenda ya shamba haziendi pamoja. Shule hufunguliwa Januari. Shamba hulipa katikati ya mwaka. Kati ya miezi hiyo miwili kuna pengo, na katika pengo hilo ndimo wanamopotelea baadhi ya watoto waliofaulu, waliochaguliwa na waliokuwa na nia ya kusoma.

Januari ni mwezi wa kuweka shambani, si wa kutoa. Mkulima ananunua mbegu, analipa trekta au vibarua, anapalilia, na akiba ya nafaka iliyobaki ndiyo inayolisha nyumba hadi mavuno yajayo. Mahindi, ambayo mwezi wa saba yalikuwa yakimwagwa kwenye turubai mbele ya kila nyumba, sasa yanauzwa kwa bei ya juu, na mara nyingi anayeyanunua ni yuleyule aliyeyauza. Katika mwezi huohuo ndipo shule inapohitaji sare, viatu, madaftari, godoro, shuka, chandarua, ndoo, nauli na chakula. Baba anayesema Januari kwamba hana fedha mara nyingi anasema kweli. Swali la haki la kumuuliza ni lile la mwezi wa saba: gunia lilikwenda wapi?

Ni vyema kukiri pia kwamba ratiba ya uchaguzi haimpi mzazi nafasi kubwa. Wanafunzi wa darasa la saba hufanya mtihani wao wa Taifa mwezi Septemba. Matokeo hufuata, kisha TAMISEMI hutangaza waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza na shule walizopangiwa, na kwa kawaida tangazo hilo hutoka mwaka ukielekea ukingoni. Tangu orodha kubandikwa hadi siku ya kuripoti hubaki wiki chache tu, tena ndani yake kuna sikukuu. Mzazi asiyejua mtoto amepangiwa shule ya kutwa iliyo jirani au shule ya bweni iliyo mkoa mwingine hawezi kununua kila kitu mapema. Lakini mtoto haingii darasa la saba kwa kushtukiza. Nyumba yenye mtoto wa darasa la saba mwezi Februari inajua kwamba Januari ifuatayo itadaiwa kitu, hata kama bado haijui ni kiasi gani.

Neno lililoleta mkanganyiko mkubwa kuliko yote ni "bure". Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, ulioanza kutekelezwa Januari 2016, unazungumzia elimumsingi bila malipo. Kabla ya hapo, ada ya sekondari za Serikali ilikuwa Shilingi 20,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na Shilingi 70,000 kwa mwanafunzi wa bweni. Ada hizo zilifutwa kwa kidato cha kwanza hadi cha nne, na kuanzia mwaka wa fedha 2022/2023 zikafutwa pia kwa kidato cha tano na cha sita. Badala yake Serikali hupeleka shuleni fidia ya ada na ruzuku ya uendeshaji. Kwa shule za bweni hupeleka pia fedha za chakula, ambazo mpango ulipoanza zilikokotolewa kwa Shilingi 1,500 kwa kila mwanafunzi kwa siku. Hayo ni mambo makubwa na hayastahili kubezwa. Hata hivyo, waraka huo na maelekezo yaliyoufuata yaliacha mikononi mwa mzazi sare, madaftari, kalamu, matibabu, nauli, na kwa wa bweni vifaa vya kulalia na vya usafi. Mzazi aliyesikia "bure" akaweka mikono mfukoni alisikia nusu ya tangazo.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulijua wakiwa wameshafika getini. Shule ya bweni ya Serikali na shule ya kutwa yenye hosteli si kitu kimoja. Katika shule ya bweni iliyosajiliwa hivyo, chakula cha mwanafunzi kimo katika bajeti ya Serikali. Hosteli ya shule ya kutwa kwa kawaida ni jengo lililosimama kwa nguvu za wananchi, wahisani na Serikali ili kuwapokea watoto wanaotoka mbali, na chakula chake hutegemea makubaliano ya wazazi wenyewe. Mzazi ambaye mtoto wake amepangiwa shule ya kutwa kisha akapata nafasi ya hosteli asishangae kuulizwa mahindi na maharage. Vilevile asikubali kutozwa mchango ambao haukupita katika utaratibu. Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku michango ya lazima katika shule za Serikali, baada ya malalamiko kwamba watoto walikuwa wakirudishwa nyumbani kwa sababu wazazi wao hawakuwa wamelipa. Msimamo kwamba mwanafunzi asifukuzwe kwa kosa la mfuko wa mzazi haujabadilika. Mtoto asiye na sare kamili hupokelewa, huandikishwa, na sare hufuata. Kumzuia nyumbani hadi viatu vipatikane ni kumnyima wiki ambazo viatu havitazirudisha.

Hapa ndipo mahali pa kusema wazi kwa nini suala la kulala shuleni lina uzito katika kata kama Zombo. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004 ulieneza shule za sekondari katika kata, na watu wakaziita shule za kata. Zilipunguza safari za mamia ya kilomita zikawa safari za kilomita chache. Lakini kata katika upande huu wa Kilosa, kuelekea Mikumi, si mtaa wa mjini. Vitongoji viko mbalimbali, njia nyingine zinapita mashambani, na mvua zikinyesha mito haiombi ruhusa. Kilosa inakumbuka mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na Januari 2010, Mto Mkondoa ulipovunja kingo zake, nyumba zikaingiliwa na maji na maelfu ya watu wakahamia kwenye mahema. Hayo yalikuwa makubwa kupita kawaida. Hata hivyo mtoto wa kidato cha kwanza anayetembea alfajiri hahitaji mafuriko ya kutangazwa redioni ili akwame. Kijito kimoja kilichojaa usiku kinatosha kumrudisha nyumbani.

Mtoto wa kitongoji cha mbali ana njia tatu. Ya kwanza ni kutembea kila siku, akitoka giza na kurudi giza, akiingia darasani na uchovu wa mtu aliyekwisha fanya kazi ya nusu siku. Ya pili ni kupanga chumba karibu na shule, kile ambacho wanafunzi wenyewe hukiita geto. Ya tatu ni hosteli au bweni.

Geto linahitaji kutazamwa bila kufumba macho. Ni chumba kimoja, wakati mwingine cha udongo na mlango wa mabati, wanamokaa watoto wawili au watatu wa miaka kumi na minne au kumi na mitano. Wazazi huwaachia unga wa wiki mbili na fedha kidogo, nao hupika wenyewe, hufua wenyewe na huamka wenyewe. Wapo waliosoma hivyo wakafaulu, na ustahimilivu wao unastahili heshima. Lakini mtoto wa umri huo anayekaa peke yake hana wa kumwuliza jioni amesoma nini, hana wa kujua kwamba ana homa tangu juzi, na unga ukiisha siku ya kumi badala ya ya kumi na nne hana wa kumwambia. Kwa msichana hatari huongezeka. Anayemletea sukari, anayemlipia kodi ya mwezi, anayempa lifti siku ya mvua, mara nyingi si mjomba wake.

Sheria ipo. Marekebisho ya Sheria ya Elimu yaliyofanywa mwaka 2016 yaliweka adhabu ya kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari, na yakaharamisha kumwoa au kumwozesha mwanafunzi. Mlango wa kurudi pia upo: Waraka Namba 2 wa mwaka 2021 unaruhusu wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, ikiwemo ujauzito, kurejea shuleni. Mzazi mwenye binti wa namna hiyo nyumbani amwone mkuu wa shule au Afisa Elimu wa Kata bila aibu. Hakuna anayemfanyia hisani, ni haki yake. Hata hivyo sheria huja baada ya tukio na waraka huja baada ya sheria. Mlango unaofungwa saa mbili usiku, na mlezi anayehesabu vitanda, huja kabla.

Zipo pia familia za wafugaji, ambazo kwa wilaya hii ni sehemu ya jamii kama walivyo wakulima. Mifugo ikihama kufuata maji na malisho, mtoto aliyeandikishwa hulazimika kuchagua kati ya zizi na darasa. Bweni kwa familia hiyo ni anwani ya kudumu ya mtoto, hata kama boma limehama. Mzee wa boma anayemleta kijana wake na kumwachia mlezi wa bweni mbuzi mmoja wa kuchangia jiko la shule amefanya jambo ambalo haliwezi kuandikwa katika fomu yoyote, ingawa ingefaa liandikwe katika daftari la mapokezi.

Pamoja na hayo bweni lisitukuzwe kupita kiasi. Mwaka 2023 Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia ilitoa waraka uliositisha huduma ya bweni kwa watoto wa elimu ya awali hadi darasa la nne, kuanzia Machi 1 mwaka huo, kwa maelezo kwamba watoto wa umri huo wanahitaji kukaa karibu na wazazi na kulelewa na familia zao. Hoja hiyo ni ya kweli hata kwa mkubwa kidogo: bweni husaidia malezi, haliyachukui. Mzazi anayeshukuru kwamba sasa amepumzika hajaelewa alichokabidhi.

Tena bweni baya ni hatari kuliko geto. Usiku mmoja wa Juni 1994, moto uliohusishwa na mshumaa uliteketeza bweni la Shule ya Sekondari Shauritanga, wilayani Rombo, na wasichana wapatao 40 wakapoteza maisha. Miaka 30 baadaye, Septemba 2024, wavulana 21 walikufa kwa moto wa bweni katika shule ya Hillside Endarasha, Kaunti ya Nyeri nchini Kenya. Wanaosimulia habari hizo huishia kwenye majonzi, lakini zina mafunzo ya fundi seremala na ya mwashi. Bweni liwe na milango miwili inayofunguka kwa nje, funguo zake zijulikane ziko kwa nani usiku, madirisha yasizibwe kwa nondo zisizoweza kufunguliwa kutoka ndani, na vitanda visibanane hadi njia ikapotea. Mshumaa na kibatari visiingie kabisa. Taa ndogo ya sola ndiyo inayofaa kuwekwa katika tranka. Siku ya kuripoti, mzazi ana haki ya kuomba kuonyeshwa mahali mtoto wake atakapolala, na hakuna mwalimu makini atakayeona ombi hilo kuwa ni utovu wa adabu.

Kuhusu wiki za mwanzo, mambo machache yanatosha. Mgeni wa kidato cha kwanza, anayeitwa njuka na wenzake waliotangulia, hukutana kwa mara moja na mambo ambayo nyumbani yangekuja moja moja. Kengele inamwamsha kabla ya jua. Analala chumba kimoja na watoto asiowajua. Na lugha ya kufundishia, iliyokuwa Kiswahili kwa miaka saba katika shule za msingi za Serikali, inageuka kuwa Kiingereza. Kwa sababu hiyo shule huanza na mafunzo ya utangulizi ya kumwandaa kwa lugha hiyo kabla ya kuingia katika masomo yenyewe. Anayechelewa kuripoti kwa wiki tatu akidhani "bado hawajaanza kusoma" anakosa daraja ambalo wenzake wamelivuka, kisha anaambiwa ni mzito wa kuelewa. Mtoto huyo si mzito. Alichelewa.

Kilio cha usiku katika wiki ya kwanza ni cha kawaida, na kwa wengi hupungua wanapopata rafiki. Kinachotakiwa kutazamwa ni kilio kinachoendelea, mtoto anayekwepa kula, anayeomba kuhamishwa bila kutaja sababu, au anayesema vitu vyake vinapotea kila siku. Kuonewa na wakubwa si mila ya shule, na mwanafunzi anayelalamika si mwoga. Simu haziruhusiwi kwa wanafunzi, kwa hiyo namba ya mlezi wa bweni iandikwe katika daftari la nyumbani, na siku ya kutembelea wanafunzi isiachwe ipite kwa kuwa kuna palizi. Palizi itasubiri siku moja.

Turubai la mwezi wa saba linahitaji kurudiwa sasa, kwa sababu huko ndiko Januari inakoamuliwa.

Hesabu yake si ngumu. Mwanafunzi akila nusu kilo ya unga kwa siku, kwa siku 100 za shule atakula kilo 50. Debe moja la mahindi lina takribani kilo 18, kwa hiyo debe tatu zinakaribia kabisa kutosha. Maharage ya gramu 100 kwa siku, kwa siku hizohizo, ni kilo 10. Nyumba iliyovuna magunia manane au kumi haiwezi kusema kwamba debe tatu zilikuwa nje ya uwezo wake mwezi wa saba. Januari, debe zilezile zikinunuliwa sokoni kwa fedha ya kukopa, zinaweza kuwa nje ya uwezo kabisa. Tofauti ni tarehe. Kiasi ni kilekile.

Tatizo ni kwamba nafaka iliyotengwa Julai haifiki Januari yenyewe. Dumuzi, mdudu aliyeingia nchini kupitia upande wa Tabora kuelekea miaka ya 1980 na ambaye sasa hana wilaya asiyoijua, anaweza kugeuza gunia la mahindi kuwa vumbi kabla ya mwaka kwisha. Mkulima anayelijua hilo huuza mapema kwa bei ya chini, na mtu hawezi kumlaumu: ni afadhali fedha kidogo kuliko vumbi jingi. Lakini mifuko ya kuhifadhia nafaka isiyopitisha hewa sasa inapatikana. Ina tabaka mbili za plastiki ndani na mfuko wa kawaida nje. Mahindi yaliyokaushwa vizuri hufungwa humo kwa kubana, hewa huisha, na wadudu waliomo hufa bila dawa. Mifuko ya aina hiyo haihitaji zaidi ya mmoja kwa akiba ya mtoto mmoja wa bweni kwa muhula. Sharti ni ukavu; nafaka yenye unyevu ikifungwa humo huota ukungu, na ukungu ni sumu. Maofisa ugani wa kata wapo kwa kazi ya kueleza hayo, na Kilosa ina bahati ya kuwa na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Ilonga ndani ya mipaka yake. Ingekuwa ajabu wilaya yenye kituo hicho ikaendelea kulisha dumuzi karo ya watoto.

Wazee waliosoma sekondari katika miaka ya 1960 na 1970 hulisikiliza jambo hili kwa mashaka, na wana sababu. Walipewa waranti ya treni wakapanda Kilosa, wakashuka Tabora, Dodoma au kwingineko, na walipofika walikuta kitanda, shuka na chakula vya Serikali. Vilevile waliochaguliwa walikuwa wachache mno. Tarafa nzima ingeweza kutoa kijana mmoja. Leo kila kijiji kina watoto wa sekondari, na hilo ndilo lililotafutwa. Tena hata enzi hizo wanafunzi hawakukaa bure. Andiko la Mwalimu Julius Nyerere la Elimu ya Kujitegemea la Machi 1967 lilitaka shule iwe na shamba na wanafunzi wake wazalishe sehemu ya wanachokula. Shamba la shule likigeuka adhabu ya wachelewaji, maana yake imepotea. Likiwa na mbegu bora, ofisa ugani na hesabu inayosomwa mbele ya wazazi, linaweza kubeba maharage ya mwaka mzima. Wanafunzi huona haraka kama mavuno yameingia jikoni kwao au yameingia kwingine, na mwalimu anayeficha daftari hilo asitegemee bidii yao msimu unaofuata.

Chakula kinachotolewa na wazazi kwa hiari kina masharti yale yale. Kipimwe mbele ya mwenye nacho, kiandikwe kwa jina na kwa kilo, na orodha ibandikwe. Asiye na mahindi alete kuni, au siku mbili za kazi katika shamba la shule, nayo iandikwe. Familia zisizo na uwezo kabisa zinajulikana katika kila kitongoji, na mwenyekiti wa kitongoji asisubiri mtoto aanze utoro ndipo azitaje.

Kubaki kwa hayo katika maneno au kuingia kwao katika maamuzi kunategemea kikao kimoja. Sheria inautaka Mkutano Mkuu wa Kijiji ufanyike angalau mara moja kila baada ya miezi mitatu. Katika vijiji vingi suala la chakula cha wanafunzi huletwa kwenye mkutano wa mwanzo wa mwaka, shule zikiwa zimekwisha kufunguliwa na maghala yakiwa yamepungua, na watu huahidi kwa sauti ya chini kitu ambacho hawana. Mkutano wa robo ya Aprili hadi Juni ndio unaofaa. Wakati huo mahindi yako shambani yakikauka, mpunga unavunwa, na kila mtu anaweza kuona kwa macho anachoweza kutoa. Agenda za mkutano huo huandaliwa na Afisa Mtendaji wa Kijiji, na mkazi yeyote anaweza kwenda ofisini kwake kuomba chakula cha wanafunzi kiwekwe humo, ikiwezekana kabla ya agenda ya mengineyo.